Nani Atarudi Wiki Ijayo?

Hotuba kwa vijana wanaojitolea katika afya na elimu

Ndugu mwenyekiti, wazazi na walezi mliofuatana na vijana wenu, walimu, wahudumu wa afya, na ninyi vijana ambao ndio wenye shughuli: habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya nafasi ya vijana katika kufikia malengo ya afya, elimu na maendeleo. Mwenyekiti alinipa dakika 30, kisha akaninong'oneza hapa mezani kwamba nikizidisha kidogo si neno. Mtu wa umri wangu haambiwi maneno kama hayo, lakini nitajitahidi.

Sitawaita taifa la kesho. Niliitwa hivyo nikiwa na miaka 19, na kesho yenyewe ilipofika nikakuta viti vimeshakaliwa. Nataka badala yake niwasimulie habari ya pipa.

Nikiwa na umri huo nilikuwa katika kikundi cha vijana waliogawa vidonge vya kutibu maji. Ugonjwa wa kuhara ulikuwa umepita kwa kishindo, na sisi tukaitwa. Tulipewa fulana mpya, tukapewa spika kubwa juu ya gari, tukapigwa picha kabla hata hatujaanza. Kufikia saa saba mchana tulikuwa tumepita nyumba zaidi ya 200. Kila nyumba tulisema maneno yale yale: kidonge kimoja, ndoo moja ya lita 20, koroga, funika, subiri nusu saa. Jioni kiongozi wetu akaandika ripoti, akajaza kwenye ile sehemu ya kaya zilizofikiwa, tukapigiana makofi.

Wiki tatu baadaye nilirudi kule. Msinisifu, maji hayakuwa akilini mwangu. Nilikuwa nimesahau mwavuli.

Bibi mwenye nyumba aliponiona akasema, "Mwanangu, bora umekuja." Akaingia ndani, akatoka na ule ukanda wa vidonge. Vyote kumi vipo, hakuna hata kimoja kilichotobolewa. Akanishika mkono akanipeleka uani, akanionyesha pipa la plastiki la buluu lililokatwa juu. "Mlisema ndoo ya lita 20. Mimi sina ndoo. Maji yangu yote yamo humu. Nitie vingapi? Nikitia kidogo havitafanya kazi. Nikizidisha nitawadhuru wajukuu. Nikasema nitawangoja, si mlisema mtarudi?"

Kweli tulisema. Tulisema kwa spika.

Sikujua pipa lile lilikuwa la lita ngapi, halikuwa na alama yoyote. Tukalimwaga maji, tukatafuta chupa ya lita moja na nusu, tukaanza kulijaza upya chupa moja moja. Mjukuu wake wa miaka kama saba akawa anaweka kokoto chini kila chupa inapomiminwa ili tusipotee hesabu. Zilifika kokoto 40. Lita 60, vidonge vitatu. Nikakwaruza mstari kwa msumari mahali maji yalipoishia. Kazi nzima haikufika saa moja. Nilipokuwa natoka, jirani akaita kutoka upande wa pili wa ua: na yeye alikuwa na pipa.

Tangu siku ile, kila nikisikia maneno "vijana na maendeleo" naliona pipa lile. Ripoti yetu ilikuwa na nyumba zaidi ya 200, na ndani yake hamkuwa na swali hata moja la mwenye nyumba. Na mimi nisijitakase. Nyumba nyingine sikuzirudia zote. Nilizirudia 11, kisha mitihani ikanibana, nikaacha.

Basi hoja yangu ya leo ni nyepesi kuisema, na ndiyo iliyonishinda mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wenu. Sehemu kubwa ya kazi ya afya na elimu ni kurudi. Siku ya kwanza kila mtu yupo: mgeni rasmi yupo, kamera ipo, fulana zipo. Swali ni nani atakayekuwepo wiki ijayo, na wiki ya sita, wakati spika imesharudishwa na jua ni lile lile. Ari yetu vijana, na hapa najihesabu kwa huruma yenu, mara nyingi ni moto wa mabua. Unawaka vizuri sana, ila haujawahi kuivisha chungu.

Mwaka 2000 dunia ilijiwekea Malengo 8 ya Maendeleo ya Milenia. Mwaka 2015 yakafuata mengine 17, Malengo ya Maendeleo Endelevu, yenye shabaha 169, na muda wake unaisha 2030. Afya ni lengo la 3, elimu la 4. Mimi nayajua kwa namba kwa kuwa nimekaa kwenye mikutano mingi. Yule bibi sidhani kama aliwahi kuyasikia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kwamba ni asilimia 17 tu ya shabaha zilizoweza kupimwa ndizo zilizokuwa zikienda kwa mwendo unaotakiwa. Sababu zipo tele: vita, UVIKO-19, madeni, bajeti zisizotosha. Hayo hayamo mikononi mwenu, na mtu akija kuwaambia kwamba kijana mwenye ari anaweza kufuta madeni ya nchi, msikilizeni kwa adabu kisha mwendelee na shughuli zenu.

Lakini kuna kipande kilichomo mikononi mwenu. Chukueni chanjo inayokinga dondakoo, pepopunda na kifaduro. Mtoto huipata mara tatu katika miezi yake ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikadiria kwamba mwaka 2023 watoto milioni 14.5 duniani hawakupata hata dozi ya kwanza. Habari hiyo inatangazwa sana, na inastahili. Isiyotangazwa sana ni ya wale wengine milioni 6.5 walioanza wasimalize. Hebu watazameni hao. Mama alishafunga safari, alishapanga foleni, mtoto alishadungwa na kulia. Kadi ipo nyumbani, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti. Wizara imeshagharimika, mama ameshagharimika, na mtoto bado hana kinga kamili.

Kwa nini hakurudi? Ukiuliza nyumba moja moja utasikia kwamba mtoto alipata homa usiku ule, na hakuna aliyemwambia mama kuwa homa ndogo baada ya chanjo ni jambo la kawaida. Utasikia kwamba tarehe iliangukia siku ya kazi. Utasikia kwamba alikwenda, akaambiwa chanjo imekwisha, njoo siku nyingine, na siku nyingine haikutajwa ni ipi. Utasikia pia kwamba muuguzi alimfokea mbele ya watu kwa kuchelewa, naye akaapa hatakanyaga tena. Sababu kama hizi hazionekani ukiwa makao makuu. Zinaonekana na mtu anayekaa mtaa ule, anayeweza kusema, "Shangazi, nitazame kadi ya mtoto?" akasoma tarehe iliyoandikwa kwa penseli na kugundua kwamba ilipita wiki mbili zilizopita. Kusoma kadi ya chanjo mtu anafundishwa kwa asubuhi moja. Kinachohitajika zaidi ni kuwa jirani, na ujirani mnao.

Kuna mtu mmoja ambaye historia ya afya duniani haiwezi kuandikwa bila yeye, na alikuwa kijana. Aliitwa Ali Maow Maalin. Mwaka 1977 alikuwa na miaka 23, mpishi katika hospitali ya mji wa Merka, Somalia. Siku moja ya Oktoba gari lilifika hospitalini likiwa na watoto wawili wagonjwa wa ndui, dereva akauliza njia ya kwenda kwenye kambi ya kuwatenga wagonjwa. Ali akapanda gari akamwelekeza. Safari ya dakika chache. Hakuwa amechanjwa, baadaye alikiri mwenyewe kwamba aliikwepa chanjo kwa sababu aliogopa maumivu ya sindano. Fikirini, mfanyakazi wa hospitali! Siku chache baadaye akaanza homa, kisha vipele. Akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida.

Baada ya hapo ilianza kazi ambayo haina picha nzuri. Watu 161 waliokutana naye walitafutwa na kuandikwa majina. Wakafuatiliwa kwa wiki kadhaa, kutazamwa tena na tena kama kuna aliyetoka vipele. Watu zaidi ya 50,000 mjini na kandokando yake wakachanjwa. Hakuna mgonjwa mwingine aliyepatikana, na Mei 1980 Baraza la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Ugonjwa uliowasumbua wanadamu kwa maelfu ya miaka ulimalizwa na watu wenye daftari waliobisha hodi kwenye mlango ule ule zaidi ya mara moja.

Ali alipona. Miaka mingi baadaye, polio ilipokuwa ikisumbua Somalia, alijitokeza kufanya kazi ya kampeni ya chanjo. Wazazi waliokataa aliwaeleza habari zake mwenyewe: mimi niliikwepa chanjo, na tazameni kilichonipata. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi ile. Sijui kama kuna hotuba inayoweza kushinda ile ya mtu aliyeogopa sindano akamwambia mwenzake usiogope.

Nigeukie upande wa kupima, kwa sababu kurudi kuna sura mbili. Unarudi kusaidia, na unarudi kuona kama ulichofanya kilifanya kazi.

Bangladesh, kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC lilituma wanawake wenye elimu ya kiasi wapite nyumba kwa nyumba kumfundisha kila mama namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari ya kumwokoa mtoto anayeharisha. Nyumba zaidi ya milioni 12. Ukubwa wa kazi hiyo unatosha kustaajabisha, lakini mimi huvutiwa na malipo yao. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Baadaye alikuja mtu mwingine, akachagua baadhi ya nyumba, akamwambia mama: hebu nieleze, hebu nitengenezee. Mwalimu alilipwa kwa kadiri ya alichokikumbuka mama. Laiti kikundi chetu kingelipwa kwa utaratibu huo! Tungedaiwa sisi.

Na hata hivyo mambo hayakunyooka. Ufuatiliaji ulionyesha kwamba akina mama wengi walijua vizuri sana kutengeneza lakini mtoto akiugua hawatumii. Walipochimba, wakagundua kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini tiba ile. Waliifundisha kama wimbo. Ikabidi warudi kuwafundisha walimu kwanza, wawaeleze mwili unavyopoteza maji na chumvi, na wakaanza kuzungumza na wanaume pia, maana waliwaacha nje. Vijana, mkienda kufundisha kitu ambacho hamkiamini, watu wanawasoma usoni kabla hamjafungua vipeperushi.

Kwa elimu, mfano ninaoupenda ni wa Cuba, mwaka 1961. Shule zilifungwa na vijana kama 100,000, wengi wao bado wanafunzi, zaidi ya nusu wasichana, wakaenda vijijini na milimani kufundisha watu wazima kusoma. Walibeba taa ya mafuta na kitabu. Mchana walifanya kazi za shamba na wenyeji wao, usiku wakawasha taa. Mtihani wa mwisho ulikuwa na barua: mwanafunzi alimwandikia Fidel Castro, kiongozi wa nchi, na barua zile zimehifadhiwa Havana hadi leo. Watu zaidi ya 700,000 walijifunza kusoma ndani ya mwaka mmoja. Sina haja ya kuwapamba. Kitabu chao kilijaa siasa za serikali ile, na kuna vijana waliouawa kwa sababu ya kampeni hiyo. Ninachowaomba mkione ni kwamba hawakupita. Walilala pale. Mtoto wa mjini wa miaka 15 alikuwa hajawahi kuona mtu mzima akitoa jasho kwa kushika penseli, na mzee wa milimani alikuwa hajawahi kufundishwa na mtoto. Kila mmoja alimwonea mwenzake haya kwa wiki za mwanzo, kisha haya zikaisha, masomo yakaingia. Haya haziishi kwa semina ya siku moja. Na kampeni ilipokwisha, masomo ya watu wazima yaliendelezwa.

Nicaragua ilifanya kampeni kama hiyo mwaka 1980, kwa miezi mitano, nayo ilisifiwa duniani kote. Kisha vita vikaja, ufuatiliaji ukalegea, na sehemu ya waliojua kusoma ikapoteza tena. Kusoma usipokutumia kunatoka.

Leo watoto na vijana zaidi ya milioni 250 duniani hawako shuleni. Hilo ni janga linaloonekana. Lililojificha ni la walioko shuleni na hawajifunzi. Nchini India tangu mwaka 2005, vijana wa kujitolea chini ya mpango uitwao ASER huenda majumbani na karatasi moja. Upande mmoja herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha kisa kifupi. Wanakaa chini na mtoto, wanamwomba asome. Basi. Kenya, Tanzania na Uganda zilianza jambo kama hilo mwaka 2009 kwa jina la Uwezo.

Nimewahi kukaa katika zoezi la namna hiyo, na kuna mtoto mmoja simsahau. Alikuwa darasa la nne. Mama yake, kwa fahari, akaleta kitabu cha shule kwanza, "Msikilize kwanza hapa." Mtoto akafungua ukurasa akasoma kama maji, hata koma haikumpita. Kijana niliyefuatana naye akasema vizuri sana, sasa twende na karatasi hii. Mtoto akaitazama. Akaitazama tena. Kidole chake kikasimama kwenye neno la kwanza, lenye herufi nne, na hakikusogea. Kile kitabu alikuwa amekikariri. Mama alinyamaza, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameandaa jibu lake: "Sasa mimi nifanye nini?"

Kijana yule, na ninamheshimu kwa hili, hakusema "tutapeleka taarifa". Alisema, "Jumamosi nitakuja." Akaja. Alianza na silabi, kwa kokoto na chaki juu ya sakafu, na baada ya wiki mbili walikuwa watoto watano. Hakuna uchawi hapo. Ndiyo njia ambayo shirika la Pratham huko India liliikuza: unawapanga watoto kwa kile wanachoweza kusoma, uache habari ya darasa wanalokaa, unaanza pale walipo. Watafiti akina Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, waliipima njia hiyo kwa miaka mingi na kukuta inasaidia, tena mara nyingi wafundishaji walikuwa vijana wa mtaani waliopewa mafunzo mafupi. Shahada hawana. Siku ya Jumamosi wanayo.

Niseme pia juu ya kuidai serikali, maana sitaki mfikiri nawatuma mkafanye kazi ya wizara bure huku wizara imelala.

Afrika Kusini mwaka 1998 lilianzishwa kundi la kudai matibabu ya UKIMWI, Treatment Action Campaign. Walipiga kelele, ndiyo, lakini kabla ya kelele walisoma. Watu wa kawaida, wengine hawakumaliza shule, walijifunza virusi vinafanyaje kazi, dawa ipi inazuia nini, kisha wakakaa zahanati kuwafundisha wagonjwa wenzao. Wakaipeleka serikali mahakamani, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru dawa ya nevirapine ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto isiwekewe vizuizi katika hospitali za umma. Vikundi vingi vingeishia pale, vikasherehekea. Wao waliendelea kuuliza kama dawa ipo, na mkoa mmoja uliposuasua wakarudi tena mahakamani kabla mwaka haujaisha. Hukumu nayo ina dozi ya pili na ya tatu.

Sasa niwageukie wazazi wenzangu na viongozi, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Karibu nusu ya watu duniani wana umri chini ya miaka 30. Takwimu za Muungano wa Mabunge Duniani za mwaka 2023 zilionyesha wabunge wa umri huo ni asilimia 2.8. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unasema hata mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, nayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Mwaka 2015 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2250 juu ya vijana katika masuala ya amani. Kila Agosti 12 tunaadhimisha siku yao. Karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni nauli.

Naam, nauli. Tunamwambia kijana ajitolee, arudi mara sita kwenye nyumba ya mgonjwa wa kifua kikuu, kwa sababu dawa za kifua kikuu hunywewa miezi sita na mgonjwa anajisikia mzima baada ya wiki chache, anataka kuziacha. Kazi hiyo ni ya maana kuliko hotuba yangu. Kisha hatumpi nauli, hatumpi buti za mvua, hatumpi hata daftari, na akipata kibarua cha kumlisha tunasema vijana wa siku hizi hawana moyo. Kutoa ni moyo, sikatai. Lakini tumbo nalo lina sauti. Mkipanga bajeti ya uzinduzi, kateni nusu ya mahema na maturubai mwiweke kwenye safari za kurudi. Na kijana akileta taarifa kwamba bibi hana ndoo bali ana pipa, mtu mwenye mamlaka aisome na abadilishe maelekezo, maana akileta mara tatu bila jibu hataleta ya nne.

Na ninyi vijana, simu zenu. Najua mnangoja niziseme vibaya. Sitazisema vibaya. Katika nyumba nyingi ninyi ndio mnaosomea wazee maandishi ya kwenye pakiti ya dawa, na ninyi ndio wa kwanza kuletewa ile sauti iliyosambazwa na mtu asiyejulikana, inayodai chanjo fulani inaharibu uzazi. Mkiisambaza "kwa kicheko tu", mama wa mtoto wa miezi miwili hacheki, anakunja kadi na kuirudisha kwenye mfuko wa plastiki. Msimtukane aliyeamini. Mwulizeni nani alisema, alisikia wapi, ameona nini. Mkae naye. Kama hamna jibu, semeni hamna, mwende mkaulize kituo cha afya, mrudi. Neno hilo tena.

Mwenyekiti ameanza kutazama saa, kwa hiyo nifike kwenye shughuli iliyotuleta.

Pale karibu na mlango kuna meza, na juu yake kuna daftari. Limepigwa mistari ya safu nne: jina lako, nyumba utakayoitembelea, utakachokwenda kufanya, na tarehe ya kurudi. Mwaka jana safu ya nne wengi walijaza "hivi karibuni", na wawili waliandika "Mungu akipenda" bila tarehe yoyote. Safari hii andikeni siku na mwezi. Usichukue nyumba kumi, chukua mbili. Ukijua wiki ile una mtihani, andika wiki inayofuata, hakuna atakayekulaumu. Mimi mtihani ulinishinda na nikakaa kimya, na kimya ndicho kilichowaumiza watu.

Vidonge vya maji vipo kwenye sanduku chini ya meza. Kila mmoja achukue pia chupa tupu ya lita moja na nusu, nimeomba ziletwe, na msumari mmoja. Nitakaa pale mpaka saa tisa. Ahsanteni.